Nani Ajibu kwa Niaba ya Jirani? Uwakala wa Anwani katika IPv6



Nianze na tatizo ambalo baadhi yenu mmeshakutana nalo, na wengine mtakutana nalo mkishaanza kazi. Fundi amekodi seva katika kituo cha data cha Ulaya, ambako mafundi wengi wa huku kwetu hukodi kwa sababu ya bei. Pamoja na seva amepewa prefiksi ya IPv6 ya /64, yaani anwani 18,446,744,073,709,551,616. Ndani ya seva anasimamisha mashine pepe tano, na kila moja anaipa anwani yake kutoka kwenye prefiksi hiyo. Njia ameziweka, ukuta wa moto ameukagua, upitishaji wa pakiti ameuwasha. Anajaribu. Pakiti zinatoka, zinafika zinakokwenda, lakini majibu hayarudi. Akiipigia seva yenyewe inaitika. Akizipigia mashine pepe, kimya.

Kosa haliko ndani ya seva yake. Liko katika namna alivyopewa zile anwani. Ipo dawa inayotumika sana kwa hali hii, nayo ni kuweka wakala anayejibu maswali ya majirani kwa niaba ya safu nzima ya anwani. Dawa hiyo nimeitumia na ninaifahamu. Nimekuja kutetea msimamo mmoja: wakala ana haki ya kumjibia yule tu anayemjua, na safu nzima ya anwani haistahili wakala bali inastahili kuelekezewa njia.

Tuone kwanza mambo yanavyokwenda chini ya waya. Kompyuta zilizo kwenye Ethernet moja hazikabidhiani pakiti kwa anwani za IP. Zinakabidhiana kwa anwani za MAC, zile za kadi za mtandao. Kwa hiyo ruta ikipata pakiti ya kumpelekea mtu aliye kwenye waya wake, lazima kwanza iulize: anwani hii ya IP iko kwenye kadi ipi? Katika IPv4 swali hilo huulizwa kwa ARP, iliyoelezwa na David Plummer katika hati ya kiufundi ya RFC 826 ya Novemba 1982. ARP hupaza sauti ikasikika na kila aliyeko, anayehusika na asiyehusika.

IPv6 iliachana na kelele hizo. Itifaki yake ya kugundua majirani, ambayo hati yake kuu ni RFC 4861 ya Septemba 2007, hupeleka swali kwa kundi dogo tu la wasikilizaji. Kundi lenyewe hupatikana kwa kuchukua biti 24 za mwisho za anwani inayotafutwa na kuzibandika mwishoni mwa ff02::1:ff00:0/104. Kompyuta inapojiwekea anwani, hapo hapo hujiunga na kundi linalolingana nayo. Swali likija, mwenyewe husikia na kujibu, na karibu wote waliobaki kadi zao huliacha lipite bila kuamsha hata programu. Sehemu hii ya itifaki naipenda sana. Waliobuni walijali muda wa kompyuta isiyohusika, na wakapata suluhisho lisilohitaji mtu yeyote kutunza orodha.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Ruta ya mtoa huduma imepangwa kuamini kwamba /64 yote iko kwenye waya wake. Haina habari kwamba nyuma ya seva kuna mtandao mwingine. Ikipata pakiti ya kwenda 2001:db8:10:20::a5, inapeleka swali kwa kundi la ff02::1:ff00:a5. Seva haimo katika kundi hilo, kwa kuwa anwani hiyo si yake. Mashine pepe yenye anwani hiyo haiko kwenye waya huo, kwa hiyo swali hailisikii. Ruta inauliza mara 3, kila baada ya sekunde 1, kisha inakata tamaa na kumwarifu mtumaji kwamba anwani haifikiki. Ndiyo sababu kutoka kunawezekana na kurudi kunashindikana: pakiti inayotoka haihitaji mtu wa kuitafuta mashine pepe, inayorudi inahitaji.

Wengi hufikiria kwanza kuunganisha mashine pepe moja kwa moja na waya wa nje kwa daraja, ili zijibu zenyewe. Kwenye maabara hii inafanya kazi vizuri. Kwenye seva ya kukodi mara nyingi inagonga mwamba, kwani watoa huduma wengi hupanga swichi zao zikubali anwani moja tu ya MAC kwa kila mlango, na wana sababu nzuri ya kufanya hivyo: hawataki mpangaji mmoja ajifanye wapangaji ishirini. Linabaki jambo moja analoweza kulifanya bila ruhusa ya mtu. Seva yenyewe ijibu maswali yanayohusu anwani zisizo zake, kwa MAC yake yenyewe, kisha ipokee pakiti na kuzipitisha ndani.

Ujanja huu una umri mkubwa kuliko IPv6. Agosti 1985 RFC 950 iliweka utaratibu wa kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao midogo, lakini kompyuta nyingi za wakati huo zilikuwa na programu isiyoelewa mgawanyo huo. Zilidhani kila mwenye namba ya mtandao wao yuko kwenye waya wao. Katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, malango ya mtandao yalipangwa yajibu maswali ya ARP kwa niaba ya kompyuta zilizoko upande wa pili. Smoot Carl-Mitchell na John Quarterman waliieleza njia hiyo katika RFC 1027 ya Oktoba 1987. Kwangu mimi sababu yao ndiyo yenye uzito: hawakuweza kubadilisha programu ya kila kompyuta, kwa hiyo waliyabadilisha malango. Yalikuwa mazingira ya mpito, na dawa yao iliyafaa mazingira hayo.

IPv6 nayo iliuachia uwakala nafasi tangu mwanzo, tena ikauwekea adabu. RFC 4861 inamtaka wakala asiwashe alama ya kufuta jibu lililotangulia, ili mwenye anwani akiwepo na kujibu mwenyewe, jibu lake ndilo lishinde. Inamtaka pia achelewe kidogo kujibu, kwa muda wa bahati nasibu usiozidi sekunde 1, ili ampishe mwenyewe. Mfano mzuri wa uwakala wenye adabu ni IPv6 ya vifaa vinavyohama, iliyoandikwa katika RFC 3775 mwaka 2004 na kuandikwa upya katika RFC 6275 mwaka 2011. Kifaa kikiondoka kwenye mtandao wa nyumbani, kinamwarifu wakala wake aliyebaki nyumbani: mimi sasa niko mahali fulani, kwa muda fulani. Wakala anajibu maswali ya majirani kwa niaba ya kifaa hicho kimoja, kwa anwani hiyo moja, na muda ukiisha bila taarifa mpya anaacha kujibu. Naomba mfano huu muukumbuke, kwa sababu nitautumia kuwapima wengine.

Mfumo wa Linux unao uwakala ndani ya kiini chake, lakini ni wa anwani moja moja. Unaandika amri ya kuongeza anwani, kisha nyingine, kisha nyingine. Kwa mashine pepe tano zenye anwani za kudumu hiyo inatosha kabisa, na fundi wetu angeweza kuishia hapo akalala. Shida huanza pale nyuma ya seva kunapokuwa na watu: ofisi inayopitia VPN, au chumba cha kompyuta za wanafunzi. Simu na kompyuta za siku hizi hujitungia anwani za muda kwa ajili ya faragha. RFC 8981 ya 2021 inapendekeza anwani ya namna hiyo itumike kwa siku 1 na ikome kabisa baada ya siku 2. Hakuna mtu atakayekaa akiandika orodha ya anwani zinazozaliwa na kufa kila siku. Hapo ndipo mtu anapotamani kuiambia seva: jibu kwa safu yote.

Programu za kufanya hivyo zipo. Inayojulikana zaidi upande wa seva za Linux ni ndppd. Upande wa ruta za nyumbani zinazotumia OpenWrt, programu ya odhcpd inaweza kufanya kazi inayofanana. Kazi yao ya kwanza, kabla hata ya kujibu, ni kusikia, na kusikia kwenyewe kuna gharama. Nimesema swali hupelekwa kwa kundi linalotokana na biti 24 za mwisho. Anayetaka kujibu kwa /64 nzima hajui ni kundi lipi litakaloulizwa, na makundi yanayowezekana ni 16,777,216. Haiwezekani kujiunga na yote. Kwa hiyo programu huiamuru kadi ya mtandao ipokee ujumbe wa makundi yote bila kuchagua. Ule uangalifu niliousifu umezimwa kwenye mashine hiyo. Tena kama swichi ya kituo cha data inafuatilia nani amejiunga na kundi gani ili ipeleke ujumbe kwa wahusika tu, swali huenda lisifike kabisa kwenye seva, na fundi ataitafuta hitilafu katika programu ambayo haina kosa.

Baada ya kusikia, wakala anaweza kuamua kwa njia tatu, na uchaguzi huo una uzito kuliko mipangilio mingine yote. Anaweza kujibu kila swali lililo ndani ya safu bila kuuliza mtu. Anaweza kutazama kwanza jedwali la njia, aone kama kuna njia ya kwenda kwenye anwani hiyo. Au anaweza kulipeleka swali upande wa ndani, asubiri, na ajibu nje iwapo tu kuna mashine ya kweli iliyoitika ndani.

Njia ya kwanza ndiyo rahisi kupanga, na ndiyo inayonitia hofu. Fikirini mtaa ambao mtu mmoja anaitikia “karibu” kwa kila hodi inayopigwa katika kila mlango, pamoja na milango ya nyumba ambazo hazijajengwa. Mgeni hatajua kamwe nani yupo na nani hayupo.

Tufuate madhara yake kwa ufundi. Kuna watu wanaozunguka kwenye intaneti wakituma pakiti kwa anwani za kubahatisha. Ruta ya mtoa huduma inauliza kwa kila moja. Bila wakala, maswali hayo yanakosa jibu na baada ya sekunde chache nafasi zake katika jedwali la majirani zinafutwa. Hata hapo jedwali linaweza kulemewa, na RFC 6583 ya Machi 2012 iliandikwa mahususi kuonya juu ya hatari hiyo. Akiwepo wakala anayejibu yote, kila anwani ya kubahatisha inapata jibu halali na kugeuka jirani aliye hai. Ruta iliyojengwa juu ya Linux, isipobadilishwa mipangilio, huweka kikomo cha majirani 1,024. Ruta kubwa za vituo vya data zina nafasi zaidi, lakini hakuna iliyojengwa kubeba /64 iliyojaa. Na jedwali hilo linaweza kuwa la pamoja: likijaa, hata mpangaji wa seva ya jirani, asiyejua lolote kuhusu wakala wako, anaweza kukosa mtandao.

Kisha kuna kuzunguka kwa pakiti. Pakiti ya anwani isiyokuwepo imepokelewa na seva kwa sababu wakala aliahidi. Seva inatazama jedwali lake la njia, haioni anwani hiyo ndani, inafuata njia ya jumla na kuirudisha kwa ruta ya mtoa huduma. Ruta inaamini anwani iko kwa seva, inairudisha tena. Pakiti moja inapita waya ule ule makumi ya mara hadi kikomo chake cha miruko kiishe. Dawa ni mstari mmoja: weka kwenye seva njia ya kutupa kwa prefiksi nzima, ili kisicho na njia mahususi ya ndani kife hapo hapo. Nashangaa ni mara ngapi mstari huo hukosekana katika mipangilio ya watu makini.

Hatari ya tatu huwakuta walio kwenye waya mmoja na wakala. Kompyuta ya IPv6, kabla ya kuitumia anwani, huuliza kama kuna mwingine anayeitumia. Ni sharti la RFC 4862. Wakala anayejibu kila kitu, akilijibu na swali hilo, anaiambia kila kompyuta mpya kwamba anwani imeshachukuliwa. Itachagua nyingine kama inaweza, na hiyo nayo itaambiwa imechukuliwa. Mgeni hataweza kuingia kwenye waya huo kamwe, na kitakachoonekana kwenye skrini yake ni ujumbe wa anwani iliyojirudia, ambao hautamwongoza kwa mkosaji.

Halafu kuna suala la imani. Uwakala unawezekana kwa sababu anayejibu haombwi ushahidi wowote, na mlango huo huo hutumiwa na mwizi wa anwani. Jaribio la kuufunga, kwa saini za kificho, liliandikwa katika RFC 3971 mwaka 2005. Lilimfungia nje na wakala mwema, kwa kuwa hana saini ya anayemjibia, ikabidi mwaka 2012 iandikwe RFC 6496 ya kumtafutia wakala kibali. Matumizi ya saini hizo hayajaenea. Mitandao mingi hutegemea swichi zinazokagua nani anajibu nini, na swichi ya namna hiyo ina haki ya kumtilia shaka mtu mmoja anayedai anwani elfu.

Nikiyaweka haya kando ya yule wakala wa vifaa vinavyohama, naona tofauti yao iko kwenye daftari tu. Yule ana daftari la waliojiandikisha. Mfano mpya zaidi ni RFC 8929 ya Novemba 2020, inayohusu vifaa vidogo vya betri, vihisio na mita, ambavyo haviwezi kukaa macho kusubiri maswali ya majirani. Vinajiandikisha kwa ruta kwa utaratibu wa RFC 8505, na ruta inajibu kwa niaba yao huku vikiwa vimelala. Huo ni uwakala wa heshima, na ningependa wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti waufuate. Njia ya tatu ya ndppd, ile ya kuuliza ndani kwanza, inakaribia daftari: haiahidi mpaka imepata uthibitisho. Njia ya kwanza haina daftari lolote.

Kama mtu kweli anamiliki safu nzima, dawa yake haihitaji wakala. Mtoa huduma anaandika katika ruta yake mstari mmoja: prefiksi hii inapitia seva ile. Basi. Ruta haiulizi tena ni nani mwenye ::a5. Inahitaji kumjua jirani mmoja tu, seva yenyewe, na pakiti zote za prefiksi zinakabidhiwa kwake. Mtu akipiga ramli kwenye anwani zote za /64, jedwali la majirani la ruta halitikisiki. Kuanzia Desemba 2003, kwa RFC 3633, ambayo baadaye iliingizwa katika RFC 8415, mteja anaweza hata kuiomba prefiksi na kupewa bila mkono wa mtu. RFC 6177 ya 2011 nayo inashauri kwamba mteja awe na njia rahisi ya kupata zaidi ya /64 moja.

Watoa huduma wanaposema anwani ni adimu, wanabeba desturi ya IPv4 na kuipandikiza pasipostahili. Uhaba wa IPv4 ni wa kweli. Tangu Januari 2020 mwanachama anayeomba AFRINIC, sajili ya anwani ya Afrika yenye makao Mauritius, hupewa kwa ombi moja anwani zisizozidi 1,024. Lakini kampuni ya mtoa huduma, iwe Mombasa, Mwanza au Bujumbura, ikiomba IPv6 hupewa angalau /32. Ndani ya /32 mna prefiksi 65,536 za /48, na ndani ya kila /48 mna prefiksi 65,536 za /64. Mtoa huduma akimpa kila mteja /56, mteja ana mitandao 256, na ghala la kampuni halijaguswa. Wenzetu mnaojenga mitandao hapa nyumbani sasa hivi mko katika hatua ambayo wa Ulaya walishaipita: bado hamjazoea vibaya. Mkianza kwa kumpa kila mpangaji /64 moja kwenye waya wa pamoja, mtakuwa mmeandika mapema barua za malalamiko ya miaka kumi ijayo.

Mwelekeo wa hati mpya unaniunga mkono. RFC 9663 ya Oktoba 2024 inaeleza jinsi mtandao mkubwa wa pamoja, kama Wi-Fi ya chuo, unavyoweza kumpa kila mteja prefiksi yake kamili kwa DHCPv6, itifaki ile ya RFC 8415. Simu moja, prefiksi moja, njia moja. Simu ikitaka kugawa intaneti kwa kompyuta ndogo na saa, inagawa kutoka kwenye fungu lake, na ruta haina haja ya kujua.

Mpaka hapo patakapofikiwa, wapo kati yenu ambao mtoa huduma wao atakataa. Kwanza muandikieni hata hivyo, na msiandike kwamba IPv6 haifanyi kazi, kwa sababu atawajibu kwamba kwake inafanya kazi. Ombeni kwa maneno haya: prefiksi ielekezwe kwenye anwani ya seva yangu, isiwekwe kwenye waya. Fundi wa upande wa pili ataelewa mara moja, na mara nyingi ataweza kulifanya kwa dakika chache. Akikataa, punguzeni safu. Mashine pepe kumi hazihitaji wakala wa /64. /120 ina anwani 256 na inatosha, mradi anwani za ndani mzigawe kwa mkono au kwa DHCPv6, kwa vile kujitungia anwani kunataka /64 kamili. Mpangeni wakala aulize ndani kabla ya kujibu. Wekeni njia ya kutupa kwa sehemu iliyobaki. Na kwa kuwa seva inapowashwa kupitisha pakiti huacha kusikiliza matangazo ya ruta, hakikisheni mpangilio wa accept_ra kwenye kadi ya nje ni 2, ama sivyo njia ya jumla itapotea baada ya muda na mtaanza kumlaumu wakala kwa kosa lisilo lake.

Nipo tayari kwa maswali, na aliyekuja na mipangilio yake kwenye kompyuta aje nayo mbele tuitazame pamoja.